Maneno yote unayajua, sentensi haieleweki: utatuzi wa maneno ya Kiingereza yenye maana nyingi

Neno gumu halimsumbui mtu muda mrefu. Ukikutana na "photosynthesis" kwa mara ya kwanza unafungua kamusi, unakuta maana moja, unaendelea na safari. Yanayowaangusha watu ni yale maneno mafupi ya kila siku ambayo kila mmoja anaamini aliyamaliza darasa la tano: "get", "run", "set", "take", "put", "charge", "state". Unaliona neno, unalitambua, kwa hiyo hulitafuti. Na kwa kuwa hulitafuti, kosa linapita bila kukaguliwa.

Kamusi kubwa ya Oxford, toleo la pili la mwaka 1989 lenye juzuu 20, iliipa "set" nafasi ndefu kuliko neno lingine lolote. Kitenzi peke yake kina maana 430 hivi. Wahariri wa toleo la tatu walipofika kwenye "run" walitoka na maana 645 za kitenzi. Hakuna Mwingereza aliyezikariri. Anafanya jambo lingine, na jambo hilo sisi tunalifanya kutwa nzima kwa neno "piga". Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga kura, tunapiga magoti, tunapiga hodi, tunapiga deki, na mwenye mafua anapiga chafya. Hakuna aliyetukalisha chini akatufundisha orodha hiyo. Mtoto wa miaka minne ukimwambia akapige mswaki anakwenda bombani, kwa sababu hakusikia "piga" peke yake, alisikia "piga mswaki". Maana imekaa kwenye jozi, haikukaa kwenye neno.

Shikilia hilo, kisha tafuta hapa chini dalili inayofanana na yako.

Dalili: kila neno unalijua, lakini sentensi imekataa

Mfano: "I ran into your brother at the market." Msomaji anatafsiri neno kwa neno na kumpata mtu aliyekimbia akaingia ndani ya kaka wa mtu. Kumbe anaambiwa tu: nilikutana na kaka yako sokoni, bila kutarajia.

Chanzo chake ni hiki. Kiswahili hubadilisha maana ya kitenzi mkiani. Funga, fungua, fungia, fungulia, fungana: mzizi ni ule ule, mkia ndio unaosema. Kiingereza nacho kina mkia, ila kinauacha nje ya neno, baada ya nafasi: "put off" ni kuahirisha, "put out" ni kuzima moto, "put up with" ni kuvumilia. Katika yote matatu hakuna kuweka. Jicho letu limezoea mkia uliogandana na neno, kwa hiyo likiona nafasi linadhani neno limeisha.

Kipimo: usiishie kwenye mkia, angalia kinachofuata. "He ran into the house" ni aliingia ndani mbio. "He ran into his old teacher" ni alikutana naye kwa bahati. "He ran into a tree" ni aligonga mti. "He ran into debt" ni aliingia kwenye madeni. Maneno ya mwanzo hayakubadilika hata herufi moja. Walioamua ni nyumba, mwalimu, mti na deni.

Dawa: kwenye daftari lako usiandike "run" upande huu na "kimbia" upande ule. Andika "run out of sugar: kuishiwa sukari". Andika "the colour runs: rangi inachuja", jambo ambalo utalikuta kwenye kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani ya shati jipya. Andika "run a shop: kuendesha duka", "run for office: kugombea", "a runny nose: pua inayotoka kamasi". Jozi kumi unazozimudu zitakusaidia kuliko maana hamsini za neno lililo peke yake.

Dalili: kamusi umefungua, na bado tafsiri haina kichwa wala miguu

Binti wa dada yangu anasomea uuguzi. Jioni moja alinijia na daftari la mazoezi, kidole kikiwa juu ya mstari mmoja: "Record any discharge before discharge." Akaniuliza, "Mjomba, hapa wamerudia neno kwa bahati mbaya?" Alikuwa ameshatafuta kwenye simu, na neno lilimpa msururu: ruhusu, toa, fyatua, tekeleza, usaha. Akachukua la juu kabisa kwa pande zote mbili, sentensi ikawa "andika ruhusa yoyote kabla ya ruhusa".

Tukaitazama pole pole. "Discharge" ya kwanza imetanguliwa na "any", na ni kitu kinachoandikwa. Anachoandika muuguzi kwenye fomu ya mgonjwa ni kitu kinachoonekana, chenye rangi, harufu na kiasi. Basi hayo ni majimaji au usaha unaotoka kwenye kidonda. Ya pili imetanguliwa na "before", na "before" hutaka wakati au tukio. Tukio linalomhusu mgonjwa aliyelazwa ni kuruhusiwa kwenda nyumbani. Sentensi ikakaa: andika uchafu wowote unaotoka, kabla mgonjwa hajaruhusiwa. Hakukuwa na kosa la uchapaji. Akachukua penseli akaandika pembeni: ya kwanza kitu, ya pili tukio.

Kilichomkwamisha ni kuiuliza kamusi habari za neno, wakati alitakiwa kuiuliza habari za sentensi. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), iliyotoka kwanza mwaka 1996, huzipa maana namba, na mara nyingi huweka mfano mfupi. Unayoitafuta inaweza kuwa ya nne au ya saba. Soma zote, kila moja uijaribishe ndani ya sentensi yako kama unavyojaribu ufunguo kwenye kufuli. Ukitumia programu ya kutafsiri, ipe sentensi nzima. Ukiipa neno moja itakurudishia lile linalotumika zaidi, hata kama wewe uko wodini.

Na kwa kuwa tuko hospitali, nakaa hapa kidogo, maana huku kosa la neno linaweza kumgharimu mtu afya. "Positive" mtaani ni habari njema. Kwenye karatasi ya maabara maana yake ni kwamba kilichotafutwa kimeonekana. Kipimo cha malaria kikisoma "positive", vimelea vimo kwenye damu. Kikisoma "negative", havikuonekana. Mtu anayeisoma karatasi hiyo peke yake anaweza kurudi nyumbani anamshukuru Mungu, dawa akaziacha dirishani. Ndugu yako akirudi na majibu, msomee, na umweleze kwa Kiswahili: wamekiona, au hawakukiona. Vilevile "stool" kwa seremala ni kigoda, maabara ni choo kinachopelekwa kupimwa. "Theatre" ni chumba cha upasuaji. "Labour" ni uchungu wa uzazi, na "delivery" ni kujifungua. "The child had a fit" hakumsifu mtoto kwa afya. Ni kwamba alipatwa na degedege. "Complaint" kwenye faili la mgonjwa si manung'uniko, ni tatizo lililomleta. "Patient" ni mgonjwa, na pia ni mvumilivu, na wakati mwingine ni yote mawili katika sentensi moja.

Dalili: mwanafunzi analijua somo, alama hapati

Hili linaniuma kuliko yote. Katika shule za msingi nyingi za serikali Tanzania mtoto anasoma kwa Kiswahili hadi amalize shule ya msingi, kisha kidato cha kwanza karibu masomo yote yanageuka Kiingereza. Watu wazima tunamhurumia kwa maneno marefu ya biolojia. Kumbe yale marefu anayakariri vizuri. Anaangushwa na "work", "matter", "power", "state", kwa sababu alikuja nayo kutoka somo la Kiingereza la darasa la tatu yakiwa na maana moja moja.

Chukua "work". Yeye anajua ni kazi, na mama yake aliyesimama foleni saa nzima na ndoo ya maji kichwani anafanya kazi, nani atabisha? Fizikia inabisha. Kwenye fizikia "work" ipo pale tu nguvu inaposogeza kitu kuelekea upande wa nguvu hiyo. Ndoo haikusogea, basi hakuna "work". Mtoto akiambiwa hivyo bila kuelezwa kwamba neno limebadilisha shughuli, anaona somo zima ni la uongo. "Matter" aliyoizoea ni ya "what's the matter?", una nini, kwenye sayansi ni maada, kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi. "Solution" kwenye hisabati ni jibu la swali, kwenye kemia ni myeyusho, kama chumvi iliyoyeyuka ndani ya maji. "Cell" ni seli ya mwili, ni betri ndogo, na ni chumba cha mahabusu. "Current" ni mkondo wa umeme, ni mkondo wa bahari, na ni kitu cha wakati huu. "Mean" ni wastani, ni kumaanisha, na ni mtu mchoyo. "Odd number" si namba ya ajabu, ni namba witiri.

Halafu kuna vitenzi vya maswali ya mtihani. Hivi ningevibandika ukutani kila darasa. "Account for" haihusu hesabu wala kusimulia; inataka sababu. Swali la historia likisema "Account for the abolition of the slave trade in East Africa", yaani kukomeshwa kwa biashara ya utumwa, mwanafunzi mwenye bidii anaandika mkataba wa Moresby wa 1822, wa Hamerton wa 1845, wa Frere wa 1873, tarehe zote ziko sawa, kurasa mbili zimejaa. Ameeleza ilivyotokea. Aliulizwa kwa nini ilitokea, na alama za "kwa nini" hakuzigusa. Nikiona karatasi ya namna hiyo huwa nasikitika, kwa sababu mtoto huyo anajua historia. "State" hapo ni taja kwa ufupi, haina uhusiano na dola wala na hali za maada. "Draw a conclusion" haidai penseli wala rula; ni toa hitimisho. "Find x" ni kokotoa.

Dawa yake haigharimu chochote. Mwalimu wa kila somo, siku anapoingiza neno la namna hii, aandike ubaoni sentensi mbili: moja ya mtaani, moja ya somo. Mzazi naye anaweza. Mwambie mtoto akusomee swali, kisha akueleze kwa Kiswahili anaambiwa afanye nini, kabla hajaanza kujibu. Ukiona ameanza kujibu kabla ya kueleza, mrudishe.

Dalili: hujui kama neno ni jina au ni tendo

Kwa Kiswahili kiambishi kinakuambia mapema: kitabu ni kitu, ninaweka ni tendo. Kiingereza hakina msaada huo. "Book" ni kitabu, na "to book a room" ni kuweka nafasi ya chumba. "Water" ni maji, na "water the plants" ni kumwagilia mimea. "Chair" ni kiti, na "she chaired the meeting" ni aliongoza kikao. Tazama neno lililotangulia: "the", "a", "my" huleta jina, "to", "will", "can", "you" huleta tendo. Inatosha mara nyingi.

Kwenye kusikiliza kuna alama ya ziada, nayo ni mkazo. "Record", "present", "object", "contract" yakikazwa silabi ya mwanzo ni majina, yakikazwa ya mwisho ni vitenzi. Hatuna mazoea ya kuusikiliza mkazo kwa sababu wetu hukaa karibu siku zote kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Karibu siku zote, kwa maana "barabara" ipo: ukihesabu kutoka mwanzo, kaza silabi ya tatu upate njia ya magari, kaza ya pili upate sawasawa kabisa. Sikio linaloweza kutenganisha hayo mawili linaweza pia kutenganisha "record" na "record".

Dalili: umeelewa kinyume kabisa

Yapo maneno yanayobeba pande mbili zinazopingana. "Ten people left" ni watu kumi waliondoka. "There are ten people left" ni wamebaki kumi. Kilichogeuza ni "there are". "Sanction" kama tendo inaweza kuwa kuidhinisha, na "sanctions" dhidi ya nchi ni vikwazo. "Oversight" ya kamati ni usimamizi, lakini "it was an oversight" ni tulipitiwa. Hapo "an" ndiyo inayokuamulia. "Rent" ni kupanga na pia kupangisha, jambo ambalo sisi tunalimaliza kwa mkia wa kitenzi, wao inabidi uangalie nani ana nyumba.

"Table" inahitaji tahadhari ya peke yake. Kwa Kiingereza cha Uingereza "to table a motion" ni kuiwasilisha hoja ijadiliwe. Kwa Kiingereza cha Marekani ni kuiweka kando. Winston Churchill alisimulia kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili maofisa wa nchi hizo mbili walibishana muda mrefu juu ya hati moja kabla ya kugundua kwamba walitaka kitu kile kile. Kwetu imebaki ile ya Uingereza, ndiyo maana bungeni hati huwasilishwa mezani. Kikao chako kikiwa na Wamarekani, usilitumie neno hili kabisa. Sema wazi kama hoja inajadiliwa au inasubiri.

Dalili: neno tumelikopa, na bado linakudanganya

Tunapokopa neno tunachukua maana moja, nyingine tunaziacha kwao. Tulichukua "chaji" kwa ajili ya simu. Kwa hiyo "he was charged with theft" inamshangaza msomaji, kumbe ameshtakiwa kwa wizi. "Free of charge" ni bure. "Who is in charge here?" ni nani msimamizi hapa. "Faini" kwetu ni adhabu, wakati "you'll be fine" ni utapona, usijali. "Noti" kwetu ni pesa, lakini "leave a note" ni acha ujumbe. "Chenji" ni pesa inayorudi, ila "change" kwenye suala la mavazi ni kubadilisha nguo. Neno likisikika kama la nyumbani, ndipo uliangalie mara mbili.

Dalili: unaongea wewe, na mwenzako anakukodolea macho

Hapa mzigo umegeuka. Neno letu lina upana ambao lao halina, tukalivusha kama lilivyo. Mtu amejikwaa, wewe kwa moyo safi unamwambia "sorry", naye anakujibu kwamba si kosa lako. Kwa sisi "pole" na "samahani" yote yamepita kwenye "sorry", na kwa Kiingereza cha Nairobi au Dar es Salaam unaeleweka bila shida. Ukiwa London, mwulize "are you all right?" atakusikia vizuri. Harufu tunaisikia, wao hawaisikii. "I can smell gas", usiseme "hear". Vidonge tunavinywa, wao "take". Mkono wetu unaanzia begani hadi vidoleni. Kwao "hand" inaishia kifundoni na juu yake ni "arm", na daktari akiuliza panapouma, tofauti hiyo ina maana.

Dalili: maneno makubwa umeyamudu, mkataba bado una giza

Rudi kwenye vijineno. "Once you sign, the deposit will not be refunded" haisemi utie saini mara moja. Inasema: ukishatia saini, amana hairudishwi. "Since" ni tangu, na pia ni kwa kuwa. "May" ni huenda, na kwenye mkataba ni anaruhusiwa. "Shall" ni lazima. "The landlord may repair" na "the landlord shall repair" ni nyumba mbili tofauti siku mvua inapopita kwenye dari.

Kisha yale yaliyovaa nguo za sheria. "Party" ni upande katika makubaliano. "Interest" ni riba, au ni haki uliyo nayo katika mali, na usikisie ni ipi. "Execute" ni kutia saini kwa utaratibu unaoufanya mkataba kuwa halali. "Notice" ni taarifa ya maandishi inayotolewa kabla ya muda fulani. "Term" ni muda wa mkataba, na "terms" ni masharti. Herufi moja imehamisha maana kutoka kalenda hadi wajibu. Mikataba mingi hueleza maneno yake mwanzoni, na maneno yaliyoelezwa huanza kwa herufi kubwa kila yanapotokea. Anza kusoma hapo. Kila neno la namna hiyo liandikie Kiswahili chake pembeni kwa penseli, kisha usome kifungu kizima ukiweka Kiswahili hicho mahali pake. Kifungu kikikataa kukaa, mwombe aliyekuletea mkataba akueleze kwa Kiswahili neno hilo linabeba nini. Akishindwa kukueleza, usitie saini siku hiyo, hata kama kalamu imeshawekwa mbele yako.